Goti Hutibiwa kwa Mzigo

Kwetu Shanzu, pwani ya Kenya, mgonjwa akirudi kutoka hospitali hana ruhusa ya kugusa kitu. Majirani humletea uji, watoto wa mtaa hutumwa dukani kwa niaba yake, na kila anayeingia kumjulia hali humwachia wasia uleule: pumzika, usijitoneshe. Nilipopasuliwa goti la kushoto wasia huo niliupata asubuhi, mchana na jioni, na aliyeusimamia kwa ukali kuliko wote ni mama yangu. Alinitandikia kitanda karibu na dirisha, akaninyang'anya ndoo ya maji ya kuoga, na ili goti lisiniume usiku akaniwekea mto mnene chini yake.

Ule mto ulikuwa raha. Goti lililotoka kupasuliwa hupenda kukaa limekunjika kidogo, kwa sababu likikunjika hivyo majimaji yaliyojaa ndani hupata nafasi na maumivu hupungua. Fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, alipokuja nyumbani kunitazama, jambo la kwanza alilolifanya baada ya kumwamkia mama ni kuuondoa. Akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino, goti likabaki likining'inia bila cha kuegemea. Niliuma meno. Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Mwanangu, huyu si utamuumiza?"

"Mama, goti lisiponyooka wiki hizi za mwanzo, kulinyoosha baadaye ni taabu," yule dada akamjibu. "Na lisiponyooka atachechemea. Mto huu mpe alalie kichwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo moja. Anayekupenda atakukinga na kila mzigo, na goti haliponi bila mzigo. Linautaka kama mgonjwa anavyotaka dawa, yaani kwa kipimo: ukipungua hautibu, ukizidi unadhuru, na kipimo cha leo hakifai tena mwezi ujao. Wanaotoka kwenye upasuaji wa kano za goti wengi huambiwa wasubiri. Ninayoyaeleza hapa ni kazi inayopaswa kufanyika ndani ya huko kusubiri.

Kuumia kwenyewe hakukuwa na hadithi kubwa. Maji yalikuwa yamekupwa, nasi tukicheza mpira ufuoni kama ilivyo ada ya jioni za huku, pale mchanga unapokuwa mgumu. Nilikanyaga mguu wa kushoto, nikageuka ghafla kumfuata mshambuliaji, mwili ukaenda na mguu ukabaki palepale. Kitu kikalia "ta!" ndani ya goti. Hakuna aliyenigusa, na magoti mengi ya wachezaji huumia hivyohivyo, bila kugongwa na mtu, kwa kukanyaga na kugeuka. Kabla ya Isha goti lilikuwa limevimba, dalili ya damu kuvuja ndani. Mzee mmoja hodari wa kuchua alinikanda kwa mafuta ya nazi, uvimbe ukaisha, lakini kila nilipojaribu kugeuka kwa haraka goti lilinikimbia. Picha ya MRI ikamaliza ubishi: kano ya mbele imekatika.

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana. Ile ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hivi, na kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na kulidhibiti goti mtu anapogeuka. Ikikatika, mara nyingi haijiungi vizuri yenyewe. Daktari huchukua kano nyingine ya mgonjwa huyohuyo (kwangu zilikuwa za nyuma ya paja), akaikunja, akatoboa mfupa wa paja na wa muundi, akaipitisha humo na kuikaza. Kazi yake huisha kwa saa moja au mbili.

Kazi ya mgonjwa ndiyo huanza hapo. Ile kano iliyohamishwa imekatiwa damu yake. Wiki za mwanzo sehemu yake hufa, kisha mwili huipelekea mishipa mipya ya damu na kuijenga upya kidogo kidogo mpaka izoee kazi yake ya goti, jambo linaloweza kuchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo kano hiyo haiwi dhaifu kabisa siku ya upasuaji. Udhaifu wake mkubwa huja wiki na miezi inayofuata, wakati magongo yameshatupwa nyuma ya mlango na mgonjwa ameanza kusahau. Muda huo wote, kinacholilinda goti ni msuli.

Na msuli ndio uliokuwa umeondoka. Kovu halikunishtua, lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Lililonishtua ni paja. Fizio alitoa tepu, ile ya fundi cherehani, akapima kwa vidole juu ya pia ya goti, akaweka alama ya kalamu, akaizungusha. Akafanya vivyo hivyo mguu wa kulia. Tofauti ilionekana hata kabla hajasoma namba. Ile nyama inayotokeza upande wa ndani wa paja, juu kidogo ya pia, haikuwepo tena, ngozi ilikuwa imelegea mahali pake. "Kaza mapaja yote mawili," akaniambia. La kulia liliruka. La kushoto nililiamrisha, halikuitika.

Aliniambia nisijilaumu, kwa sababu si uvivu. Goti likijaa majimaji, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo huuzima msuli wa mbele wa paja kama njia ya kulilinda goti. Watafiti waliwahi kuingiza maji ya chumvi katika magoti mazima ya watu wasio na ugonjwa wowote, wakaona kwamba mililita 20 hadi 30, ambazo ni kama vijiko vinne hadi sita vya chai, zatosha kuulegeza ule msuli wa ndani. Ndiyo maana wiki za kwanza tulipigana na uvimbe kwa barafu na kwa kuinua mguu, na zoezi langu kubwa likawa dogo ajabu: kukandamiza taulo kwa goti, kulishikilia paja likiwa limekazwa, kuliachia, na kurudia. Jirani akichungulia dirishani anaona mtu amelala. Siku paja lilipoanza kuitika, na kisigino kikanyanyuka kitandani mguu ukiwa umenyooka kama fimbo, jasho lilinitoka kuliko mechi nzima.

Mama alibaki na shaka, na shaka yake ilikuwa na ukoo mzuri: zamani madaktari wenyewe walikuwa upande wake. Kwa miaka mingi aliyepasuliwa goti alifungwa plasta, akaambiwa asilikanyage wala asilikunje kwa wiki kadhaa. Mabadiliko makubwa yanahusishwa na daktari wa upasuaji wa Indianapolis huko Marekani, Donald Shelbourne. Katika miaka ya 1980 aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wake hawakufuata masharti. Walitembea mapema, wakalinyoosha goti mapema, wakarudi kazini kabla ya ruhusa, na hao ndio waliokuwa wakipona vizuri, magoti yakiwa hayajaharibika. Badala ya kuwagombeza, aliwachunguza. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Paul Nitz walichapisha utaratibu mpya wa kuanza mazoezi mapema, nao ukaenea duniani. Nilipomsimulia mama alicheka. "Kwa hiyo waliowafunza madaktari ni wakaidi?" Kesho yake ndoo yangu ya maji nilirudishiwa.

Kabla ya Shelbourne kuna mwingine ambaye kila anayenyanyua chuma anamdai shukrani bila kumjua. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kwisha, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari wenye magoti mabovu, na mazoezi waliyopewa yalikuwa mepesi, ya kurudiwarudiwa mpaka mtu achoke. Daktari kijana, Thomas DeLorme, aliyekuwa hospitali ya Gardiner mjini Chicago, alikuwa mpenzi wa vyuma tangu ujana wake. Akafanya kinyume. Aliwapa uzani mzito, ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10 tu, na ukizoeleka akauongeza. Mwaka 1945 alichapisha matokeo, na mwaka 1948 pamoja na Arthur Watkins akaupunguza mpango uwe wa awamu tatu: mara 10 kwa nusu ya uzani huo, mara 10 kwa robo tatu, na mara 10 kwa uzani wote. Ile "kumi mara tatu" unayoisikia katika kila jimu kuanzia Mtwapa hadi Mtopanga ina mizizi yake katika magoti ya askari wale.

Swali langu likawa: uzani huo nitaupata wapi? Bima ililipia upasuaji na vikao vichache vya mwanzo. Baada ya hapo kila kikao kilitoka mfukoni, na jimu za hoteli za ufuoni hazikuwekwa kwa ajili ya mshahara wa mwalimu. Lakini sisi ni watu wa kando ya kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, na vijana wa Kisauni hawajawahi kungoja vyuma vya dukani. Mikebe miwili ya rangi ya lita 4, bomba kuukuu la maji, saruji, mchanga na kokoto. Unasimamisha bomba katika mkebe wa kwanza, unamimina zege, unangoja likauke, kisha unageuza na kufanya upande wa pili. Tulipeleka mkebe mmoja kwa muuza vyuma chakavu autundike kwenye mizani yake, ikasoma kilo 9 na kitu. Akatuuliza kama tunauza.

Shida ya mikebe ni kwamba haina kati. Ukitoka kwenye mikono mitupu unaangukia uzani mkubwa, na goti linalopona haliwezi kurukishwa hivyo. Hapo ndipo mama alipoingia kazini. Alichukua leso yake kuukuu, akaikata vipande, akashona vifuko virefu vyembamba vyenye kamba, tukavijaza mchanga wa pwani uliochekechwa na kukaushwa. Kimoja kilo moja, kingine mbili, kingine tatu. Nikavifunga kwenye kifundo cha mguu, nikavitia katika mkoba wa mgongoni, nikaviongeza kimoja kimoja. Kwa fundi baiskeli nilipata tyubu iliyotoboka, nikaikata ikawa mpira wa kuvutia mguu. Kwa vitu hivyo, kiti cha plastiki na kidato cha mlango, niliweza kufanya karibu kila zoezi nililoandikiwa.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Kuketi na kusimama bila kushika kitu. Kupanda kidato na kushuka taratibu, kwa sababu kushuka ndiko kunakolifunza paja kuzuia mwili. Kuinua visigino. Kuinama kutoka kiunoni na kuinua mkebe, mgongo ukiwa umenyooka, ili nyuma ya paja na makalio yafanye kazi. Kulivuta goti nyuma kwa tyubu, zoezi ambalo kwangu lilicheleweshwa kwa kuwa kano zangu zilichukuliwa hukohuko nyuma ya paja. Siku tatu kwa wiki, na baina ya siku na siku mapumziko, kwani msuli hujengeka ukiwa umetulia baada ya kuchoshwa. Wasia wa majirani haukuwa wa kutupwa wote. Kupumzika kuna mahali pake, na mahali pake ni baada ya kazi.

Mambo mawili yalinifunza zaidi ya mengine. La kwanza ni ujanja wa mwili. Nilikuwa nikichuchumaa na kuinuka vizuri kabisa, mkoba wa mchanga mgongoni, mpaka fizio alipoweka mizani mbili za bafuni sakafuni, akaniambia nikanyage moja kwa kila mguu na nichuchumae tena. Mguu wa kulia ulikuwa ukibeba sehemu kubwa ya kazi. Haukuniuliza ruhusa, ulimsaidia tu mwenzake mgonjwa, kama watu wa nyumba wanavyofanya, na kwa msaada huo mgonjwa alikuwa akizidi kudhoofika. Kuanzia hapo mguu wa kushoto ulifanya peke yake. Kuketi kwenye kiti kwa mguu mmoja na kuinuka kwa huohuo mmoja: jaribu, wewe uliye mzima, uone. Wiki ya kwanza niliweza kushuka tu, na mara ya mwisho nikaanguka kitini kwa kishindo. Baadaye nikaweza kusimama kwa msaada wa kidole kimoja mezani. Hatimaye kidole kikaondoka.

La pili ni daftari. Kila siku ya mazoezi niliandika uzani, mara ngapi, na asubuhi yake nikaandika hali ya goti. Hukumu ilitolewa asubuhi. Wakati wa zoezi goti linaweza kuuma kidogo na lisiwe na neno. Likiamka limevimba au likiwa zito kuliko jana, kipimo kilizidi, kipunguze. Likiamka salama na zile mara 10 zimekuwa rahisi, ongeza. Huwezi kuendesha dawa hii kwa hisia. Kuna siku nilijiona simba na daftari likanionyesha kwamba nilikuwa nikinyanyua uzani uleule wa mwezi uliopita, na kuna siku nilikata tamaa na kurasa za nyuma zikanionyesha nilikotoka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kinaweza kuhesabiwa mbao kwa mbao.

Bahari ilinisaidia kwa njia yake. Kidonda kilipofunga kabisa, nilianza kutembea ndani ya maji yaliyojaa, upande wa ndani wa mwamba ambako mawimbi hufika yamechoka. Maji ya kiunoni huchukua karibu nusu ya uzito wa mwili, na ya kifuani huchukua zaidi, hivyo mtu anayechechemea nchi kavu anaweza kutembea wima baharini na kuukumbusha mguu hatua zake. Ratiba yangu ikafuata mwezi, bamvua na maji mafu, kama mvuvi. Hata hivyo fizio alinikataza kubaki humo. Maji yanakupunguzia mzigo, na mguu utakaoishi nchi kavu lazima ufunzwe nchi kavu.

Nilichompendea yule dada ni kwamba kabla ya kunipangia chochote aliniuliza: "Mwalimu, mguu huu unautakia nini?" Vitabu vya kigeni hupima goti kwa kuruka: ruka kwa mguu mmoja, pima umbali, mguu mgonjwa ufikie angalau asilimia 90 ya mzima. Nilimjibu kwamba mpira nautaka, lakini kabla ya mpira nataka kuswali chini. Kwa miezi nilikuwa mtu wa kiti nyuma ya safu, pamoja na wazee. Dini inamruhusu asiyeweza, na hakuna aliyenitazama vibaya. Hata hivyo, kila imamu aliposema Allahu Akbar na safu nzima ikashuka, nilijua kilichonipungukia. Kuketi baina ya sijida mbili, mguu wa kushoto umelaliwa chini, hulitaka goti likunjike karibu mpaka mwisho wake. Kuinuka kutoka kwenye sijida mpaka kusimama hutaka nguvu za paja zilezile za kidato na kiti. Akaniandikia yote mawili kama mazoezi rasmi, pamoja na kuchutama kwa ajili ya choo chetu na kupanda matatu iliyosimama nusu huku utingo akipiga bodi kuihimiza. Kukunja kulikuja polepole kwa kuketi juu ya mito iliyopangwa, mto mmoja ukiondolewa kila goti lilipokubali. Hapo mito ya mama ikapata kazi iliyoistahili.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja wakati maumivu yameisha. Nilitembea vizuri, nikapanda ngazi za shule nikiwa na madaftari ya wanafunzi mkononi, na wenzangu ufuoni wakaanza kuniita. "Mbona Ibrahimović alirudi kwa miezi saba?" Ni kweli: Zlatan Ibrahimović aliumia goti tarehe 20 Aprili 2017 akiichezea Manchester United dhidi ya Anderlecht, na tarehe 18 Novemba mwaka huohuo alikuwa uwanjani tena dhidi ya Newcastle, akiwa na umri wa miaka 36. Wasichokisema wenzangu ni kwamba kabla ya mwaka kwisha alikuwa nje tena, na Machi 2018 akaondoka klabu hiyo akiwa amecheza mechi chache. Na yeye alikuwa na kundi zima la wataalamu lililoamka kila siku kwa ajili ya goti lake.

Fizio alinionyesha hesabu nyingine. Mwaka 2016 Hege Grindem wa Norway na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 106 waliowekewa kano mpya, huko Norway na Marekani. Kila mwezi mtu aliochelewa kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka, mpaka kufikia miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa asilimia 51. Miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu kwanza, ni chini ya asilimia 6. Na kadiri paja la mguu mgonjwa lilivyokaribiana kwa nguvu na la mguu mzima, ndivyo hatari ilivyopungua. Kwa maneno mengine, kalenda pekee haitoshi, na kujisikia vizuri hakutoshi kabisa. Lazima paja lipimwe. Nilikaa pembeni nikawa refa, nikatukanwa na pande zote mbili, na mikebe ikaendelea kunyanyuliwa.

Tangu watu wajue habari ya mikebe yangu, hunijia wengine wenye goti kama langu ambao hawana bima wala fedha za upasuaji. Hawa nao wana lao la kujua. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Richard Frobell, walichapisha matokeo ya vijana 121 waliokatika kano ya mbele. Nusu yao walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Nusu walianza na mazoezi, na upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili hali za magoti ya makundi yote mawili hazikutofautiana, na katika lile la pili, watu 59, ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Simwambii mtu asipasuliwe. Lipo goti linalokimbia kila siku hata paja likiwa na nguvu, na ipo kazi isiyovumilia goti la namna hiyo. Hilo ni la kuamua na daktari. Ninachomwambia ni kwamba asiye na fedha za kisu hana sababu ya kukaa bure, na mwenye nazo atapona vizuri zaidi akienda kwenye kisu akiwa na paja lenye nguvu.

Ninachowasisitizia wote ni kumpata mtu anayejua. Mikebe ya saruji haina akili, atakayekupa kipimo ni mtaalamu. Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu mwaka 2014, na baraza linalowasajili, kwa hiyo si vibaya kuuliza kwa adabu kama anayekushika goti amesajiliwa. Pwani yetu haikuanza jana mambo haya. Ukipanda matatu kutoka Shanzu kwenda mjini unapita Bombolulu, ambako Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya kina karakana tangu mwaka 1969, na watu waliodhaniwa hawawezi kitu wanatengeneza viti vya magurudumu kwa mikono yao. Waliojenga mahali pale waliamini kwamba mwili uliopungukiwa unahitaji kupewa kazi.

Siku hizi goti langu halinipi habari. Nimerudi safu ya mbele, na mpira nacheza, ingawa kasi imebaki kwa vijana. Mikebe ingali kwenye kibaraza, naishika mara mbili kwa wiki, kwa sababu paja lililojengwa kwa mzigo hubomoka mzigo ukiondoka, na kano mpya haina mlinzi mwingine.

Kazi yangu ya sasa ni kwa ambao hawajaumia. Shirikisho la kandanda duniani lina mpangilio wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limeelekea mbele, kuimarisha nyuma ya paja. Ulipojaribiwa kwa wasichana 1,892 wa Norway, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu. Wasichana nawataja kwa makusudi, kwa kuwa kano zao hukatika mara nyingi zaidi kuliko za wavulana wanaocheza mchezo uleule, na wa shule yetu wanacheza kweli. Mazoezi hayo hayahitaji hata mkebe. Kabla ya kila mechi nawapanga mstari, wavulana na wasichana, nasi tunaanza. Wananung'unika kwamba dakika 20 ni nyingi na jua linazama. Nawaambia waliofanya miezi 9 pia walinung'unika. Haya, mguu wa kushoto, kumi.